Nyayo za Kale na Miti Iliyogeuka Mawe: Somo la Kutafuta Bila Kuokota

Utangulizi

Katika kabati la sayansi la chuo tulichokuwa tukifundisha yalikuwamo mawe kumi na moja ya kupendeza. Mengine yalikuwa mekundu kama kutu, mengine ya rangi ya asali, na yote yalikuwa na mistari kama ya mbao iliyopigwa randa. Vilikuwa vipande vya miti iliyogeuka mawe. Wanachuo wetu waliyaleta waliporudi kutoka ziara ya mafunzo katika jangwa lililo mashariki ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Siku ile tuliwapongeza. Tuliyaosha mawe, tukayapanga, tukafunga kabati.

Miaka ikapita. Siku moja alitutembelea mtaalamu wa mambo ya kale, nasi tukamfungulia kabati kwa fahari. Aliinua jiwe moja, akaligeuza, kisha akatuuliza maswali matatu: Jiwe hili lilikuwa limelala wapi? Lilitoka katika tabaka gani la ardhi? Kando yake palikuwa na nini? Hatukuwa na jibu hata moja. Wanachuo walioyaokota walikuwa wamekwisha kutawanyika katika shule mbalimbali, na hapakuwa na aliyeandika neno. Mgeni wetu alilirudisha jiwe mahali pake bila ya kutulaumu. Hata hivyo tulitambua kwamba kosa halikuwa la wanachuo. Lilikuwa letu sisi, tuliowaachia kuokota kabla ya kuwafundisha kutazama.

Makala haya yametokana na kosa hilo. Shabaha yake ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kuwafundisha watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi kutafuta visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa katika miamba, kwa namna ambayo maswali yale matatu yatapata majibu. Tutashughulika na visukuku vya aina mbili tu: nyayo na miti.

Mahali penyewe

Yafaa kwanza tupafahamu mahali tunapopazungumzia. Ziwa Turkana limezungukwa na nchi kavu yenye upepo mkali, mawe meusi ya volkano na miti michache ya migunga. Upande wake wa mashariki imo Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyoanzishwa mwaka 1973. Ndani ya hifadhi hiyo kuna magogo makubwa yaliyolala juu ya ardhi ya jangwa, nayo ni mawe matupu. Mtu akiyaona kwa mbali hudhani kuwa yamekatwa juzi kwa shoka.

Magogo hayo yana somo kubwa kuliko uzuri wake. Mti mnene hauoti pasipo na maji ya kutosha. Basi magogo yanatuambia kwamba mahali hapa, ambapo leo mbuzi hutafuta jani kwa shida, palipata kuwa na maji na miti mikubwa. Nchi hubadilika. Hilo ndilo wazo la kwanza tunalotaka mtoto alipate, naye hulipata vyema zaidi akiona gogo limelala katikati ya jangwa kuliko akiona kipande chake ndani ya kabati.

Kaskazini zaidi, karibu na mpaka wa Ethiopia, ndiko kuliko na Ileret, katika nchi ya wafugaji wa Kidaasanach. Huko watafiti walifukua nyayo zilizoachwa katika matope miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, wakazitangaza mwaka 2009. Kabla ya hapo, mwaka 1978, nyayo za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuonekana Koobi Fora, kwenye ufuko huo huo wa mashariki.

Jinsi mti unavyogeuka jiwe

Mti ukianguka msituni huliwa na mchwa, kuvu na bakteria, na baada ya miaka michache hausalii. Ili udumu, hauna budi kufukiwa upesi na mchanga, matope au majivu ya volkano, mahali ambapo hewa haifiki kwa wingi. Hapo kuoza hupungua sana.

Kisha maji yapitayo chini ya ardhi huanza kazi yake. Maji hayo huwa yameyeyusha madini, hasa silika, ambayo hupatikana kwa wingi katika majivu ya volkano. Yanapopenya katika vijitundu vya mti, silika hubaki humo. Kidogo kidogo hujaza nafasi zilizo wazi, tena huchukua mahali pa kuta za mti wenyewe. Mwishowe mti umekwisha kuondoka lakini umbo lake limebaki: mistari, vifundo, pengine hata pete za ukuaji. Rangi nyekundu, ya manjano au ya kahawia kwa kawaida hutokana na chuma kilichokuwamo katika maji.

Kwa hiyo mwalimu asiseme kwamba mti "ulikauka sana mpaka ukawa jiwe". Kukauka hakugeuzi mti kuwa jiwe. Maji ndiyo yaliyofanya kazi hiyo.

Jinsi unyayo unavyodumu

Unyayo ni kitu dhaifu kuliko mti. Upepo wa mchana mmoja waweza kuufuta. Ili udumu yahitajika mambo manne yafuatane. Kwanza, udongo uwe na unyevu wa kiasi: ukiwa mkavu mno hauchukui alama, ukiwa majimaji alama hujifunga. Pili, alama ikauke kidogo na kushikamana. Tatu, ifunikwe polepole na mchanga, matope mapya au majivu, bila ya kuvurugwa. Nne, matabaka hayo yagandamane kuwa mwamba, na baada ya muda mrefu mvua na upepo viyamomonyoe mpaka alama ionekane tena.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Huko majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, na viumbe wakapita juu yake: kanga, sungura, twiga, tembo, na pia viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Majivu yakagandamana kama saruji, na mengine yakaanguka juu yake. Jambo hilo lilitokea miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Nyayo za wanyama ziligunduliwa mwaka 1976, na mwaka 1978 na 1979 kikundi cha Mary Leakey kilifukua mstari mrefu wa nyayo za wale waliotembea wima. Hata alama za matone ya mvua zilikutwa katika majivu yale.

Mwalimu na aitilie nguvu tofauti moja. Mfupa waweza kuchukuliwa na mto ukatupwa mbali na mahali mnyama alipokufa. Unyayo hauwezi kuhama. Ulipo ndipo mguu ulipokanyaga. Mwaka 2024 watafiti wa mashariki ya Turkana walitangaza kwamba katika uso mmoja wa matope ya kale walikuta nyayo za namna mbili zilizotofautiana, za viumbe wawili wa jamaa ya binadamu waliopita hapo kwa tofauti ya saa au siku chache tu. Mifupa peke yake haikuweza kuthibitisha jambo hilo. Lilijulikana kwa sababu nyayo zilikuwa mahali pake, zote pamoja, na hapakuwa na mtu aliyeng'oa mmoja kwa kupendezwa nao.

Namna ya kutafuta

Kutafuta ni kazi ya macho yaliyozoezwa. Marehemu Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kazi hii kama mchimbaji wa kawaida akawa mmoja wa wavumbuzi mashuhuri wa visukuku duniani, alikuwa na elimu ya darasani ya miaka michache tu. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya vijiwe vilivyofanana nacho kwa rangi. Kutokana na kipande hicho yalipatikana mabaki ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mifupa mingi ya mwili wake. Wengine wangalipita hapo bila ya kuona kitu. Twataja habari hii ili mwalimu mwanafunzi asidhani kwamba kuona ni kipaji cha wenye shahada. Kuona hufundishwa, nasi twaweza kukufundisha kwa kanuni zifuatazo.

(a) Tafuta wakati jua liko chini. Asubuhi na jioni mwanga hupita ubavuni, na kila kishimo huwa na kivuli chake. Saa sita mchana nyayo hupotea machoni ingawa zipo.

(b) Tembea polepole, kwa mstari, kila mtu na sehemu yake. Wanaokimbilia kila kitu hawaoni kitu.

(c) Ukikuta kipande cha mti wa jiwe chini ya mteremko, usitosheke nacho. Tazama juu. Vipande huporomoka kutoka katika tabaka lililo juu yake. Fuata vipande mpaka mahali vinapokoma. Hapo ndipo karibu na chimbuko lake.

(d) Usiite kishimo kimoja unyayo. Tafuta kishimo cha pili na cha tatu. Nyayo hufuatana kushoto na kulia, kwa umbali unaolingana, na zote huelekea upande mmoja. Vishimo visivyo na utaratibu mara nyingi ni kazi ya maji.

(e) Ili kutambua mti wa jiwe, tazama mistari inayokwenda kwa urefu na, mwishoni mwa kipande, alama za pete au vijitundu. Mti wa silika ni mzito kuliko ubao wa ukubwa ule ule, na wembe wa kisu haukwaruzi. Lakini majaribio ya kisu yafanywe kwa jiwe la kawaida la shuleni, si kwa kisukuku.

Safari yoyote ya nchi kavu ina hatari zake. Maji ya kunywa yawe ya kutosha, kila mtoto awe na kofia, na mawe yasifunuliwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa nge na nyoka hupenda kivuli kama sisi. Waongozeni wenyeji wawe mbele. Mtoto wa mfugaji aliyekwisha kumtafuta ngamia aliyepotea hutambua nyayo mpya na za jana, za mnyama mzima na za achechemeaye. Tulipata kuona mtoto wa namna hiyo akiwafundisha wanachuo wetu kwa nusu saa, nao wakiandika. Mwalimu mwenye busara huanza somo na maarifa hayo, hamfanyi mtoto aone kwamba elimu imetoka mbali na haimjui.

Kanuni ya kutookota

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Katika Kenya na Tanzania pia, sheria hukataza kuchimba au kuondoa mabaki ya kale bila ya kibali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi wa taifa ya mwaka 2006. Ndani ya hifadhi za taifa haifai hata kuondoka na kokoto. Lakini mtoto hatashika kanuni kwa sababu ya kutishwa. Na aelewe sababu yake: kisukuku kilichoondolewa bila ya maandishi hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, na habari hizo hazirudi.

Badala ya kuokota, watoto wafanye mambo matano. Wachore walichokiona. Wakipime kwa rula. Waandike mahali kilipo, kwa hatua na dira, kuanzia alama isiyohama kama kilima au mwamba mkubwa; mwenye simu yenye kamera na apige picha huku rula ikiwa kando. Waandike rangi na aina ya udongo ulio chini yake na ulio juu yake. Mwisho, wamweleze mwalimu, naye apeleke habari kwa wenye dhamana: Idara ya Mambo ya Kale kwa Tanzania, Makumbusho ya Taifa kwa Kenya.

Pengine mwanachuo atauliza: Je, kisukuku kikiachwa hakitaharibika? Swali hilo ni la haki. Mvua iliyokifunua yaweza pia kukimaliza. Ndiyo maana habari hupelekwa upesi kwa wataalamu, ambao nao huenda kwa hadhari. Huko Laetoli nyayo zilifukiwa tena baada ya kuchunguzwa, lakini mbegu za migunga zilikuwamo katika udongo uliotumiwa, zikaota, na mizizi ikatishia kuzipasua. Katika miaka ya 1995 na 1996 miti hiyo ilibidi iondolewe kwa uangalifu, na nyayo zikafunikwa upya kwa matabaka ya mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Ikiwa wataalamu walipatwa na jambo hilo, sisi wenye panga na jembe la shamba la shule tungefanya nini?

Somo lenyewe darasani

Wengi wenu hamtafundisha jangwani. Somo hili lawezekana hata hivyo katika uwanja wa shule yoyote, kwa vipindi vinne.

Kipindi cha kwanza: Kusoma nyayo. Kabla ya watoto kufika, lainisha udongo sehemu moja ya uwanja. Waite watu wawili wapite, mmoja akitembea na mwingine akikimbia, na kama kuna mbuzi au kuku naye apite. Watoto wasimame pembeni na kueleza kilichotokea: Nani alitangulia? Nani alikuwa na haraka? Mmejuaje? Swali la mwisho ndilo kubwa, wala mwalimu asilijibu yeye.

Kipindi cha pili: Kutengeneza nyayo. Tayarisha trei tatu za udongo: mkavu, wenye unyevu wa kiasi, na wa majimaji. Mtoto mmoja akanyage katika kila trei. Watoto walinganishe, kisha trei ya pili ianikwe juani. Ikishakauka, ifunikwe taratibu kwa mchanga wa rangi nyingine na kuwekwa kando kwa wiki moja. Halafu kikundi kimoja kiifunue kwa brashi laini. Wakiharibu, usiwakemee. Waulize wataalamu hujisikiaje wanapoharibu ambacho hakitengenezeki tena.

Siku hiyo hiyo kila mtoto apime urefu wa mguu wake, kuanzia kisigino mpaka ncha ya kidole kirefu, na urefu wa mwili wake. Wataona kwamba kwa kawaida urefu wa mwili ni kati ya mara sita na mara saba ya urefu wa mguu. Mwenye mguu wa sentimita 20 huwa na urefu wa sentimita 130 hivi. Hapo hesabu na historia hukutana. Waonye hata hivyo kwamba kipimo hiki ni cha watu wa leo, na kiumbe wa kale huenda alikuwa na mwili wa uwiano mwingine.

Kipindi cha tatu: Jinsi madini yanavyoingia katika mti. Chukua kipande cha dodoki kikavu. Yeyusha chumvi katika maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, uyaache yapoe, lichovye dodoki humo, kisha lianike. Rudia kwa siku kadhaa. Dodoki litakuwa gumu na zito, na chembe za chumvi zitaonekana kati ya nyuzi zake. Eleza kinaga ubaga kwamba chumvi imejaza nafasi tu. Katika mti wa kale silika ilifanya zaidi, maana ilichukua mahali pa mti wenyewe. Zana nzuri ni ile ambayo mwalimu anajua inapoishia.

Kipindi cha nne: Kutafuta bila kuokota. Nendeni kwenye korongo, ukingo wa mto au machimbo ya mchanga yasiyotumika, mbali na kingo zinazoweza kuporomoka. Kila kikundi kichague kitu kimoja: jiwe lenye alama, kombe la konokono, mzizi wa zamani. Wasikiguse. Waandike yale mambo matano. Kisha vikundi vibadilishane karatasi, na kila kikundi kitafute kitu cha wenzao kwa kufuata maandishi peke yake. Kikundi kisichoweza kukipata hakikukosea; walioandika ndio waliopungukiwa. Zoezi hili huwafundisha watoto kuandika kwa usahihi kuliko insha nyingi.

Hitimisho

Hatimaye tulifanya tulilopaswa kufanya mapema. Mawe yale kumi na moja tuliyapeleka kwa wenye dhamana pamoja na barua ya kukiri tulivyoyapata. Hayakuweza kurudishwa mahali pake, maana hapana aliyepajua.

Katika rafu ile sasa tumeweka madaftari. Ni ya wanachuo waliokwenda jangwani baada ya wale wa kwanza, wakarudi mikono mitupu. Katika mojawapo umechorwa mti wa jiwe uliolala juu ya mchanga mwekundu, chini ya tabaka la kokoto nyeupe, shina likielekea kaskazini, hatua mia mbili na arobaini kutoka mwamba wenye ufa. Yule mtaalamu akija tena, na aulize maswali yake matatu. Ukurasa huo utamjibu, na mti wenyewe bado unamngojea kule kule ulikoanguka.